Kaptula ya Nyapara na Mbwa wa Mikumi

Jamani, hili nawaambia ninyi tu, na mcheke nikishamaliza, maana aibu yake bado inanichoma masikio kila nikipita ile kambi ya mkonge.

Wakati huo Wazungu bado wanatawala, nami ni manamba pale Kilosa, mkata mkonge, nimempenda Tekla, binti wa nyapara wetu Mzee Yohana (mkali huyo, hata akikohoa watu wanashika mapanga), basi nikaona nisiende kuposa mikono mitupu, nikamletea mbwa jike kutoka Mikumi wa kufukuza nguruwe kwenye mahindi yake. Tatizo, nyumbani kwake kulikuwa na madume mawili ya kutisha.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Huyo mbwa wako, hawa wangu si watamrarua?"

"Niachie mimi, baba. Mbwa nawajua!"

(Siwajui. Nilisikia tu kwa mjomba kwamba mbwa mgeni akinuka jasho la mwenye nyumba, wenyeji humpokea kama ndugu.) Mtu mwenye akili angeomba kitambaa, lakini mimi nilitaka kuonekana fundi, kwa hiyo mzee alipoingia bafuni uani kujiandaa kwa kugawa posho, nikaivuta kaptula yake ya kaki aliyoitundika kwenye ua, imelowa jasho la shamba, nikamfunga nayo yule mbwa kiunoni na kumwachia.

Mjomba hakukosea! Madume yakanusa, yakatikisa mikia, yakaanza kucheza, na katika kucheza huko jike akatoka mbio, wenzake nyuma yake, mimi nyuma yao, moja kwa moja hadi uwanja wa posho ambako kambi nzima imepanga mstari na vikapu.

"Nyapara leo kawahi!" mtu akapiga kelele.

Watu wakavunjika mbavu. Mara kengele ikalia, na mzee, kwa kuwa kaptula yake nyingine ilikuwa mtoni inafuliwa, na Mzungu mwenye shamba hakuwa mtu wa kungojeshwa, akaja na kanga ya mkewe kiunoni, maji bado yanamchuruzika.

"Yohana, wapi kaptula yako?" Mzungu akauliza.

Mstari mzima ukajibu, "Ameivaa mbwa, bwana!"

Nilitamani ardhi inimeze. Jioni nikaenda kuomba radhi, nikamkuta mzee barazani, mbwa wote watatu wamelala miguuni pake, Tekla mlangoni kajiziba mdomo kwa kanga, mabega yanamtikisika kwa kicheko.

"Kijana," mzee akasema, hata hakuniangalia, "mbwa nimempokea. Wewe bado."

Nikarudi kambini peke yangu. Tangu siku ile, jamani, nguo ya mtu hata ikiangushwa na upepo mbele ya miguu yangu, naita tu, "Mwenye nguo, njoo uokote!"