Padi ya Mama Mapazia Yagoma Siku ya Fainali

Mama Mapazia hana utani na vitu viwili: pindo lililoenda upande, na mtu anayekatiza mbele ya skrini yeye akiwa na mpira. Mengine yote mnaweza kuongea.

Sebuleni kwake unatembea ukiangalia chini. Huku cherehani, huku majora ya vitambaa yamesimama kama wageni waliokosa viti, na juu ya meza ya kukatia, kompyuta. Gemu ya mpira Mama alijifunza wakati binti yake ni mjamzito, daktari kamwamuru alale tu, na mama akawa anamchangamsha. Binti alipojifungua akaacha. Mama akanogewa. Siku hizi mteja akija kuchukua pazia anaambiwa, "Kaa hapo mwanangu, nipo dakika ya themanini." Na anakaa. Mchezaji akipokonywa mpira anatukanwa kifundi: "Mwangalie! Kakatwa vibaya kiunoni huyu, hageuki!"

Sasa, mjukuu alikuwa na wiki mbili duniani na bado anaitwa Huyu. "Mleteni Huyu." "Huyu kajikojolea." Kisa ni hiki: Mama Mapazia alitaka mtoto apewe jina la mama yake mzazi, na mkwe mwenzake, baba wa mume wa binti yake, alitaka la mama yake yeye. Mkwe mwenyewe ni fundi friji, mtaa mzima unamwita Baridi. Walibishana mpaka chai ikapoa, ndipo baba wa mtoto akaropoka, "Si mcheze gemu basi, mshindi achague jina!" Alikuwa anatania jamani. Wazee wakapeana mikono palepale.

Jumapili Baridi akafika na padi yake ya kuchezea gemu, ya waya, kaibeba kwenye mfuko wa spana. Akachomeka, ikashika. Mama naye akatoa ya kwake, isiyo na waya, na watu wakaguna. Jana yake alikuwa ameishonea gauni! Kitambaa kizito cha kuzuia mwanga, kile cha mapazia ya chumbani, bitana ndani, marinda pembeni, matundu ya vidole yamezungushiwa uzi wa dhahabu. Limebana kama soksi mpya.

Akabonyeza. Kimya. Skrini ikaandika: Mchezaji wa pili hayupo.

"Nipo!" Mama akaijibu.

Akabonyeza tena, safari hii akikunja na uso. Hayupo.

"Mkwe," Baridi akasema kwa upole wa kinafiki, "sheria unazijua. Timu isipotokea kwa robo saa, ushindi wa mezani." Akawasha saa ya simu, akailaza juu ya cherehani, mahali ambapo hata Huyu haruhusiwi kulala.

Baba wa mtoto akazima kompyuta, akawasha. Akaifuta padi kwenye vifaa vilivyosajiliwa ili aiunganishe upya. Kompyuta ikatafuta, ikaikuta spika ya jirani, televisheni ya jirani, na saa ya mkononi ya mtu asiyejulikana. Padi, wapi!

"Labda chaji," baba wa mtoto akasema.

Ikachomekwa. "Taa imewaka?"

"Sioni taa."

"Itakuwa imeishiwa gesi," Baridi akatoa utaalamu wake.

"Padi haina gesi, baba."

"Ndiyo nasema. Imeisha."

Mama akaitia tone la mafuta ya cherehani. Akaipuliza. Akapanda kiti dirishani, akainyanyua juu kama refa anayetoa kadi, eti ipate hewa. Mteja aliyefuata pazia lake akaambiwa ashike pembe ya meza isitikisike, akashika, hajui hata kwa nini. Baridi akashauri padi iwekwe kwenye friza kidogo.

"Wewe unataka ife!"

"Nataka itulie, mkwe. Dakika sita."

Hapo Mama Mapazia akashuka kitini. Aliliona jina la mama yake, yule aliyemfundisha kushika sindano, linatoka mlangoni hivihivi kwa sababu ya kiplastiki.

Binti akaja, Huyu begani, akaichukua padi kwa mkono mmoja na kuipapasa. "Mama, mbona kitufe cha kuwashia, hiki cha katikati, hakina tundu?"

"Kilikuwa kinaharibu mstari. Nimekipitishia pindo."

"Pindo limekikandamiza! Muda wote kimebonyezwa. Padi inawaka, inazima, inawaka, inazima, na taa umeivalisha pazia. Nani aione?"

Dawa ilikuwa kufumua tu. Zipu haikuwekwa.

"Halifumuliwi," Mama akasema. "Hiyo ndiyo kazi yangu bora mwaka huu."

"Dakika mbili," Baridi akasema.

Mama akaliangalia gauni. Akamwangalia Huyu, aliyepiga mwayo bila kujali. Akachukua mkasi. Kraa! Mteja akafumba macho.

Taa ikapepesa, ikatulia. Mchezaji wa pili amejiunga. Mpira ukaanza hapohapo, hakuna aliyepoteza muda kuchagua upande.

Goli! "Langu!" akapiga kelele Baridi. Goli! "Hilo langu!" Mama naye. Lilipoingia la sita wote wawili walikuwa wamesimama, wanatamba. Mteja, bado kashika meza, akauliza, "Samahani, wekundu ni wa nani?"

"Wangu," wakajibu kwa pamoja.

Wote wakaigeukia skrini. Muda wote walikuwa timu moja. Waliofungwa sita ni bluu, wakichezeshwa na kompyuta yenyewe.

"Kumbe zile pasi ulikuwa unanipa wewe," Baridi akanong'ona, kama mtu aliyegundua anapendwa.

"Ningejua ni wewe ningepiga nje."

"Basi wote mmeshinda," baba wa mtoto akasema haraka. "Atakuwa na majina mawili."

"La kwanza lipi?"

Mikono miwili ikarukia padi. Binti akachomoa waya wa kompyuta ukutani.

"La kwanza nachagua mimi niliyembeba. Nyie gombanieni la pili na la tatu."

Baridi akaikodolea macho skrini nyeusi. "Hiyo ni sheria ya mpira gani?"

"Nyamaza, mkwe," Mama Mapazia akasema, akimpokea mjukuu. "Refa kashapuliza."