Cherehani ya Mjane wa Kivu

Mwaka 1998, nikiwa na miaka arobaini na minne, ndipo shida ilipoanza. Vita ilirudi mashariki, na hapa Lubumbashi kila mtu mwenye Kiswahili cha Kivu akaitwa mpelelezi. Vijana walisimama njiani Kampemba, mtaa wetu, wanakusemesha tu. Mdomo wako ukikusaliti, umekwisha.

Nilikuwa nauza makala, makaa ya kupikia, sokoni. Nilisoma miaka mitatu, lakini hakuna mwanaume aliyenidanganya kwenye hesabu ya gunia. Kwa hiyo parokia iliniweka kwenye komite ya msaada. Tulikuwa watano, wa kujitolea. Kazi yetu ilikuwa kusikiliza wenye shida, kuwapa alama, na kuchagua nani apewe cherehani, nani majembe.

Akaja mjane wa Kivu. Mume wake, dereva wa kamyo za maharagwe, alikufa barabarani. Alisimama wima, akatuangalia machoni, akasema anataka cherehani ashone ndani ya nyumba, asitoke tena. Kwetu mwanamke anayeomba anapiga magoti, anapiga makofi polepole, ndipo anasema. Nilimpa sifuri. Wote tulimpa sifuri.

Wiki ileile sista mmoja alikuja kutufundisha kuchagua bila upendeleo. Nilidhani ni mambo ya karatasi.

"Huyu, juu ya nini sifuri?" akauliza, kidole kwenye jina la mjane.

"Hakupiga magoti," nikasema. "Iko na kiburi."

"Na mukononi alikuwa na nini?"

Hakuna aliyejua. Sista akafungua kabati letu, akatoa shati la mtoto. Mjane aliliacha mezani, tukalitia kabatini, na hakuna aliyelikunjua. Lilishonwa kwa mkono, matundu ya vifungo yamenyooka kabisa.

"Kwabo anayeomba anaonyesha kazi, mama. Hiyo njo heshima yake. Sasa simama weye, uombe kama yeye."

Nikasimama, mikono chini, macho kwa wenzangu. Wakanikunjia uso, watu ninaosali nao. Nikaona aibu.

Sista alituambia tuhesabu kazi ya mtu na shida yake, tusihesabu magoti wala kwao ni wapi. Ndani ya sala, ukumbi wa parokia, na yeye yuko, ilikuwa rahisi. Jumamosi alikuwa ameondoka, na sisi tulipaswa kuchagua tena. Nikasema cherehani iende kwa mjane.

"Mama, unatafuta matata?" prezida wa komite akaniuliza. "Bale bijana batakuuliza na weye unatoka wapi."

"Natoka Kampemba, papa. Unanijua."

"Mulango yako iko ya mbao," akasema mwingine. "Mbao inawakaka moto muzuri."

Wakacheka. Nilijikojolea kidogo; naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nikainua mkono. Katekista akainua wake, kisha mama mmoja muuza samaki. Watatu kwa wawili.

Hakuna aliyetaka kuipeleka. Nikakifunga kichwa cha cherehani ndani ya gunia la makala, nikasukuma pusipusi, mkokoteni wangu, mwenyewe kwenda kwa mjane, Makomeno. Njiani vijana wakanisimamisha. Mmoja akachoma gunia kwa chuma. Likalia: ko.

"Iko nini?"

"Makala ya muti mugumu. Njoo ubebe, nimechoka."

Akaangalia mikono yangu, myeusi mpaka kwenye viwiko. Akaangalia shati lake jeupe. "Pita, mama makala." Nilisukuma, sikugeuka. Mgongo mzima ulikuwa unangojea jiwe.

Mjane alifungua mlango nusu. Aliponiona na gunia, alifungua wote. Akasema asante, macho kwa macho. Mjinga mimi, nikangojea kidogo apige magoti. Hakupiga.

Alishona ndani mwaka mzima bila kukanyaga soko. Niliuza nguo zake mezani kwangu, pembeni ya makala, kwa sababu mdomo wangu ni wa hapa. Tuligawana sawa. Alipoweza kutoka tena, hatukuacha.

Leo, kwa kugawana huko, niko na nyumba ya matofali, vyumba vitano, Kampemba. Meza mbili sokoni. Cherehani tatu. Shamba la mahindi kule Lukafu. Mbuzi wanne. Frigo moja ya barafu.