Vibanio Vitatu

Fundi huyu wa minara walimwita Mjusi, na jina likamkaa mwilini. Miaka kumi na saba alipanda mnara wa redio kama mtu anayepanda kitanda chake. Kazi yake ilikuwa kufunga kebo, zile nyeusi, nene kama mkono wa mtoto, zinazotoka chumba cha mitambo mpaka kwenye antena kule juu. Kila mita moja kebo ibanwe kwenye chuma kwa kibanio. Ikiachwa inaning'inia, upepo unaipigapiga mpaka inachunika.

Mafundi walikuwa na desturi yao: kila mmoja hupaka tone la rangi kwenye kibanio alichokaza. Mjusi alipaka nyekundu. Shemeji yake, kaka wa mkewe, ambaye Mjusi mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi, alipaka njano. Kazi ikiharibika, rangi inasema.

Mwezi ule redio ilianza kukwaruza. Mkewe ndiye aliyegundua, akiwa jikoni anamenya viazi, mtoto mgongoni.

"Baba watoto, hebu tazama. Nguo zikipepea tu kwenye kamba, na redio inakohoa."

"Imezeeka hiyo, kama mwenyewe."

"Mwenyewe hakohoi."

Mjusi alicheka, lakini mkate aliuacha nusu. Alijua. Miezi mitano nyuma, akiwa juu na mvua inakuja, vibanio vilimwishia, vikapungua vitatu. Kushuka na kupanda tena ni saa nzima. Akafunga sehemu ile kwa mikanda ya plastiki, akasema kesho atarudi. Kesho ikazaa kesho nyingine. Na plastiki hakuna anayeipaka rangi.

Alipofika kazini alikuta mkuu wa mitambo keshapata mkosaji. Wa mwisho kupanda alikuwa shemeji, wiki iliyopita, kubadilisha taa.

"Umekanyaga kebo ukailegeza," mkuu alisema. "Jioni nakupa barua ya kwenda nyumbani."

"Sijaigusa, mkuu."

"Kila mtu hajaigusa. Basi mnara umejifungua wenyewe, kama mzazi!"

Mjusi alichukua vibanio vitatu. Mitambo ikazimwa, akavaa mkanda wa usalama, akapanda. Juu alikuta mikanda miwili imeliwa na jua na kukatika, wa tatu umebaki uzi. Kebo ilikuwa imechunika hadi shaba inang'aa. Akaizungushia utepe wa mpira, akaibana kwa vibanio, akakaza kwa kiasi, maana kibanio kikizidi kukazwa kinaiponda kebo.

Vile vipande vya plastiki vilienea kwenye kiganja kimoja. Angevitia mfukoni, mambo yangekwisha. Chini kabisa shemeji alionekana mdogo kama kidole, ameshika kamba ya vifaa kwa mikono miwili, vile vile alivyofundishwa.

Mjusi aliposhuka alikwenda moja kwa moja ofisini, akavimwaga vile vipande juu ya barua iliyokuwa haijatiwa saini.

"Hivi ni vyangu, mkuu. Vibanio vilinipungukia, nikafunga hivi, nikanyamaza."

"Wewe? Mjusi mzima?"

"Mimi mzima."

"Plastiki juu ya mnara! Hiyo ni ya kufungia mboga, bwana!"

Barua ikachanwa, ikaandikwa nyingine: Mjusi haruhusiwi kupanda kwa miezi sita. Nyumbani mkewe aliisoma polepole, kidole kikifuata mistari.

"Na kaka yangu?"

"Kaka yako ndiye atakayepanda."

Mkewe akaikunja barua, akaiweka chini ya godoro, akaendelea kumnyonyesha mtoto. Baadaye mumewe aliona nyama zote sahanini zimewekwa upande wake.

Jumatatu Mjusi alisimama chini ya mnara, kamba mkononi, shingo ameikunja nyuma. Mlinzi wa geti akapita.

"Leo mjusi kashuka ukutani?"

"Kashushwa."

"Pole. Unaonaje huku chini?"

Mjusi aliachia kamba kidogo, macho yakiwa kwa shemeji.

"Mrefu huu mnara," alisema. "Sikuwahi kujua."