Benta wa Kiandutu na Vita vya Mbali

Waliokula kwa Benta walikuwa wanaume wa karakana za Kiandutu, mtaa wa mabanda mjini Thika: wachomeleaji, mafundi wa mageti, madalali wa vyuma chakavu. Alikaanga samaki kwenye karai kubwa mbele ya kibanda chake, na ukinunua samaki ulipata na ubishi, kwa sababu hakukuwa na mwanamke mwingine pale aliyebishana siasa na wanaume akawashinda kwa maneno. Walibishana juu ya ushuru na juu ya vijana waliopigwa risasi kwenye maandamano. Kwa muda mrefu walibishana juu ya Ukraine.

Bedan, fundi wa mageti ambaye karakana yake iligusana na kibanda, alishikilia kwamba nchi za Magharibi zinamwaga petroli kwenye moto. Zinapeleka mizinga huko, halafu unga na mbolea zinapanda bei huku. Zikiacha kutoa silaha, alisema, hao watu watachoka na vita vitaisha.

"Bedan, mtu akiingia kwako na panga, jirani akutupie rungu juu ya ukuta, utamlaumu jirani?" Benta aliuliza akigeuza samaki.

"Jirani anauza marungu, Mama Lynn. Hiyo ndio biashara yake."

"Auze. Bora linifikie."

Wengi pale walijua maneno hayo yalitoka wapi. Wakati wa vurugu zilizofuata uchaguzi wa 2007, Benta alikuwa amepanga chumba sehemu nyingine ya Thika na mume wake Jeconia, aliyefanya kazi kiwanda cha nguo. Vijana wenye mapanga waliingia kwenye ploti mchana kweupe wakiuliza watu majina yao ili wajue kabila. Jeconia alisimama mlangoni na stuli mkononi ili Benta apate kutoka kwa dirisha la nyuma na mtoto wao Lynn. Benta alikuwa bado anajipenyeza dirishani aliposikia panga likipiga mfupa, mara ya kwanza na mara nyingine tena, kama mtu anayepasua kuni mbichi. Ploti ilijaa wapangaji, watu waliokopeshana chumvi na makaa, na milango yote ilikuwa imefungwa kwa ndani. Baadaye mmoja wao alimwambia kwamba ile ilikuwa siasa, haikuwahusu. Tangu siku hiyo Benta hakuvumilia mtu anayesema vita fulani si vyake.

Baada ya mazishi, mdogo wake Okello aliletwa kutoka kijijini kwao Ugenya akae naye. Alikuwa bado shule ya msingi. Benta alimlea pamoja na Lynn hadi akawa mwanaume mrefu, mpole, mwenye leseni ya lori na asiye na lori la kuendesha. Kisha Okello akapata ajenti mjini Ruiru aliyemwahidi kazi ya ghala Urusi. Benta alikataa katakata. Alimwambia hao ndio wavamizi, hawezi kwenda kula kwao. Okello alicheka, akasema anaenda kupakia maboksi, siyo kupigana, na kwamba huwezi kukaa Kiandutu ukingoja mataifa yapatane. Aliondoka na begi moja na koti la baridi ambalo Lynn alimnunulia kwenye mitumba ya Gikomba.

Kwa wiki kadhaa alituma picha za theluji. Halafu akanyamaza. Alipopiga tena, simu ilikuwa ya mtu mwingine na sauti yake ilikuwa ya chini sana.

Alieleza kwamba walipofika waliwekewa karatasi za lugha wasiyoijua, wakatia sahihi, na karatasi zile zilikuwa za jeshi. Walifundishwa kufyatua bunduki kwa siku chache, wakapelekwa mbele. Waafrika walitangulizwa kuvuka uwanja ili ionekane risasi zinatoka wapi. Mwenzake wa kutoka Kakamega alikatwa miguu yote miwili na bomu, akabaki akimwita mama yake hadi jioni, na hakuna aliyeruhusiwa kumfuata.

"Sista, kuna hizi drone," alisema. "Inalia kama pikipiki huko juu. Inakutafuta wewe mwenyewe. Ukikimbia inakufuata, ukilala inakungoja."

Benta alitaka kumuuliza silaha hizo zinatoka wapi, lakini alijua. Alikuwa amezitetea kila mchana mbele ya wanaume wazima, kwa majina yake, kama mtu anayesifu timu yake ya mpira.

Alimweleza Bedan, na kuanzia hapo karakana nzima ikajua. Bedan hakuigusa tena habari ya Ukraine. Ikisomwa redioni alibadilisha stesheni. Wengine walikula wakiongea mambo ya mpira, na Benta aliona wanavyomwepuka, na kimya hicho kikamkera kuliko kelele. Alikuwa halali vizuri. Mchana mmoja alimpiga Lynn, binti mkubwa anayesoma chuo, kofi kwa kuchelewa na viazi.

Kisha siku moja Mwas alikuja na njaa na hasira. Alikuwa dalali wa vyuma, kijana wa hapohapo Kiandutu, na asubuhi hiyo askari wa kaunti walikuwa wamemnyang'anya mkokoteni. Aliitisha samaki, akaona amekaangwa sana, akamrudisha. Benta alimwambia ale au aache. Mwas akageukia wenzake kwenye benchi.

"Si huyu alikuwa anasema wapewe silaha? Wamepewa. Sasa kijana wake akilipuliwa analia nini? Ameenda kuua watu kwa pesa, wacha wamchome."

Bedan alisema, "Mwas, nyamaza." Hakunyamaza. Alitoa mdomoni sauti ya pikipiki, akainua mkono juu, akaushusha polepole kwenye sahani.

Benta alishika karai kwa mishikio yote miwili, bila kitambaa, akammwagia.

Mafuta yalimpata bega, kifua na mkono wa kulia. Shati lilishikana na ngozi, na alipolivuta ngozi ikatoka nalo. Alianguka kwenye vumbi akijiviringisha, akipiga yowe moja refu lisilo na maneno. Mtu alimmwagia maji ya kuoshea vyombo. Wengine walimrukia Benta. Walimpiga kwa ngumi na kwa mguu wa benchi, wakamvunja meno ya mbele, na mmoja alipaza sauti kwamba wamtie naye motoni. Bedan alitoka karakana na nyundo. Alimvunja mkono mwanaume aliyekuwa amemshika Benta nywele, akasimama akimkinga Benta hadi polisi walipofika. Mikono ya Benta ilikuwa imeiva hadi vidole havikukunjika. Hakujua mpaka walipojaribu kumfunga pingu.

Mahakamani alikubali kosa. Hakumtaja Okello, ingawa wakili alimsihi. Alifungwa.

Lynn ndiye aliyemletea habari gerezani. Mwenzake Okello aliyekimbia kambi alikuwa amepiga simu. Okello alipatwa na drone akichota maji, akafa palepale, na mwili ulibaki uwanjani. Benta alisikiliza hadi mwisho, kisha akagonga kichwa chake ukutani mara nyingi, hadi askari wa kike wakamlaza chini kwa nguvu.

Alipotoka walimzika Okello Ugenya kwa desturi ya asiyeonekana: walichimba kaburi la kawaida, wakalaza ndani, badala ya mwili, tunda refu la mti wa yago lililofungwa shuka, na Benta akalimwagia udongo kwa mikono yake yenye makovu.

Aliporudi Thika alienda kwa mama yake Mwas kuomba msamaha. Mwas alitoka mlangoni bila shati. Makovu ya kwapani yalikuwa yameushika mkono wake wa kulia, hawezi kuuinua. Alimsikiliza, akamwambia asirudi tena, akafunga.

Kwa hiyo Benta alihamia Kiuu, Ruiru, ambako hakuna aliyemjua. Huko anapika maharagwe na chapati, na wanaume wanaokula kwake wanabishana vilevile. Juzi mmoja alisema Magharibi waache kusaidia Ukraine, mwingine akapinga, wakamuuliza yeye anasemaje. Lynn, aliyekuwa amekuja kumsalimia, alimshika kiwiko.

"Aliyevamiwa asaidiwe," Benta alisema. "Ndugu yangu aliuawa na hao mnaobishania, na bado nasema wasaidiwe. Lakini yule ajenti aliyemuuza ofisi yake ilikuwa hapa hapa Ruiru. Nikimpata nitamuua."

Alisema kwa sauti ya kawaida, na hakuna kwenye benchi aliyefikiri anatania.