Plaketi Mpya za Mama Kavira

Naikumbuka Jumamosi moja, mwanangu, ya miaka ile nilipokuwa bado na nywele nyeusi na kiburi kingi kuliko ufundi. Nilikuwa nimemaliza mwaka wa pili katika garaje ya Muzee Cirhuza, hapa hapa mtaani Murara, na tayari nilijiona mekanisiye kamili. Nakuhadithia haya kwa sababu umeniletea gari linalolia kila unapokanyaga freni, ukaniomba nilipake kitu kidogo linyamaze tu, maana una haraka. Nilikutazama usoni nikajiona mimi mwenyewe. Basi kaa kidogo kwenye benchi hili unisikilize.

Muzee Cirhuza alikuwa mtu wa upande wa Bukavu, mrefu, mwenye sauti ndogo, mtu wa misa ya kwanza kila Jumapili. Hakuwahi kunitukana hata siku moja. Aliponiona nimekosea alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati lake polepole, na mimi nikatamani afadhali angenipiga. Wazazi wangu ni wakulima wa Butembo. Walinikabidhi kwake na gunia la viazi na maneno machache, naye akanipokea kama mtoto wa ndugu yake.

Kati ya watu waliotuletea magari alikuwako Mama Kavira. Alikuwa mkunga, mjane, na gari lake dogo jeupe lilikuwa urithi wa marehemu mume wake. Kwa kuwa naye alizaliwa Butembo, hakuniita kwa jina langu Muhindo. Aliniita "mutoto wa kwetu", na kila aliponiita hivyo nilijisikia nimekua.

Wiki ile gari lake lilihitaji plaketi mpya za mbele, yaani vile vipande vinavyobana disiki ili gurudumu lisimame. Kuzifunga nilijua. Muzee alikagua kazi yangu, akatikisa kila gurudumu kwa mkono wake, akaridhika. Kisha akaniambia, "Sasa toka nayo barabara ya Sake, uzifanyie rodaji vizuri. Usimupe mama gari kama hujazizoesha."

Lakini mchana ule kulikuwa na mpira. Mtaa wetu ulikuwa unacheza na vijana wa Katindo, nami nilikuwa winga wa kushoto, na nilishaahidi watu mabao. Nikatoka na gari, nikazunguka nyumba chache, nikakanyaga freni mara mbili tatu, nikaona linasimama. Kwangu hiyo ilitosha. Nililirudisha, nikanawa mikono.

"Umezizoesha?" Muzee akauliza.

"Ndiyo, Muzee."

Ni maneno mawili tu, mwanangu. Nilicheza mpira vizuri siku ile, hata bao nilifunga.

Siku nne hazikupita, Mama Kavira akarudi. Nilimsikia kabla ya kumwona. Kila alipopunguza mwendo, magurudumu ya mbele yalitoa mlio mwembamba, mrefu, kama wa mbuzi anayevutwa kwa kamba kwenda sokoni. "Mutoto wa kwetu," akasema huku akicheka, "sasa mama wenye mimba wanajua nakuja wakati niko bado njia panda. Nitengenezee hii makelele." Muzee alikuwa amekwenda mjini kutafuta vipuri. Nilifungua magurudumu, nikaona uso wa plaketi umeanza kung'aa kama kioo, na disiki ina mabakamabaka. Sikujua maana yake. Nilijua jambo moja tu, kwamba Muzee akirudi akayaona yale, ataelewa kuwa nilimdanganya.

Nikachukua grisi kwenye ncha ya kidole. Nikaipaka kwenye uso wa plaketi, kidogo sana, nikaipangusa ikabaki kama mafuta ya kujipaka. Nikafunga. Mama Kavira akalijaribu mbele ya garaje, kimya. Aliniletea maparachichi matano kwa kunishukuru, na niliyala.

Ndipo ikaja Jumamosi hiyo. Asubuhi, tukiwa tumefungua kazi, gari lile jeupe likasimama mlangoni. Kiti cha mbele aliketi mama yake Mama Kavira, koko, bibi kizee mwembamba aliyejifunga kitambaa cha kanisani, mkoba magotini. Walikuwa wanakwenda Kalengera kwenye ubatizo wa mtoto wa mdogo wake Mama Kavira.

"Makelele imeisha, asante sana," Mama Kavira akaniambia kupitia dirishani. "Ila sasa gari iko inachelewa kidogo kusimama. Ni kawaida?"

Hapo, mwanangu, ningeweza kusema kweli na mambo yote yangeishia pale mlangoni. Lakini Muzee alikuwa hatua chache nyuma yangu, ameinamia moteri ya lori, na aibu ikanishinda.

"Ni kawaida, mama. Ni mpya hizo. Itazoea tu."

Koko akainua mkono wake wa kuume akanibariki kwa Kinande, kwa maneno yale yale ambayo nyanya yangu alinisemea siku nilipotoka nyumbani. Wakaondoka.

Nilirudi kwenye kazi yangu, nikashindwa kufungua hata bolti moja. Niliiona barabara ile akilini. Inapanda mpaka Kibumba, halafu inaanza kushuka, kona baada ya kona, huku malori ya mizigo yakipishana. Na baraka za yule koko zilikuwa bado masikioni mwangu. Nadhani nilisimama pale na ufunguo wa bolti mkononi muda mrefu, maana Muzee alinyanyuka akanitazama.

"Muhindo, uko mugonjwa?"

"Muzee, zile plaketi za Mama Kavira sikuzifanyia rodaji. Na zilipoanza kulia, nilizipaka grisi."

"Nyuma yake ao kwenye uso?"

"Kwenye uso, pale panapobana disiki."

Safari hii hakuvua miwani. Aliuliza tu, "Wanaenda wapi?" Nilipotaja Kalengera, alitia kwenye mfuko jeki, funguo, kitambaa safi na plaketi mpya, akasimamisha moto, yaani pikipiki ya abiria, ya kwanza iliyopita. Tulipanda wote wawili nyuma ya dereva. Tulipita uwanja wa ndege, tukapita Kibati na mawe yake meusi, tukaanza kupanda kuelekea Kibumba. Mimi nilikuwa katikati, nikiomba Mungu kwa kelele ndani ya moyo wangu. Pale Kibumba, mama mmoja muuza kabichi alituambia gari jeupe limepita si muda mrefu.

Tulilikuta kwenye mteremko wa pili. Pua ya gari ilikuwa imezama kwenye ukingo wa udongo, taa moja imevunjika, na watu wa mashambani wamelizunguka. Mama Kavira alikuwa amekaa chini kando ya barabara, amempakata mama yake. Koko alikuwa hai. Alikuwa ameushika mkono wake wa kuume kwa ule wa kushoto, na kiwiko kilikuwa kimekaa sawa lakini chini yake, pale kwenye kifundo, mkono ulikuwa umepinda mahali ambapo mkono haupindi.

Mama Kavira alimweleza Muzee kilichotokea. Alikanyaga pedali kwenye kona, gari likavutia upande mmoja bila kusimama. Mbele yake kulikuwa na lori linalotambaa, na pembeni wanawake wenye mizigo ya kuni. Akachagua udongo. Alipokuwa akieleza, sauti yake haikutetemeka. Ni mkunga, amezoea kushika moyo wake mahali pagumu.

Nilipiga magoti mbele yao nikasema yote, mpira, uongo, grisi. Nilisema mbele ya watu wote wale. Mama Kavira alinitazama kama mtu anayetafuta sura anayoijua asiione.

"Nilikuuliza," akasema. "Nilikuuliza mwenyewe, na uliniambia itazoea."

Koko ndiye aliyemjibu, macho yake yamefumbwa kwa maumivu. "Ametufuata mwenyewe. Hakuna mutu aliyemuleta kwa nguvu. Muache sasa, nipelekeni kwa daktari."

Lori moja likawachukua wote wawili hadi kituo cha afya, upande wa Rumangabo. Sisi tukabaki. Wale vijana wa mashambani walitusaidia kulivuta gari nje ya udongo, na Muzee akalala chini yake akakagua kila kitu, usukani, mikono ya magurudumu, mabomba ya mafuta ya freni. Bamba la mbele ndilo lililokuwa limekunjika. Tulifungua magurudumu, tukazitupa zile plaketi, kwa sababu plaketi iliyokunywa grisi haisafishiki, hata ungeifua siku nzima. Muzee akasafisha disiki kwa kitambaa chenye esansi, yaani petroli, akazisugua kwa msasa mpaka mabaka yakaondoka, akazipangusa tena mpaka kitambaa kikatoka cheupe.

Hapo ndipo aliponisema. Alisema huku akifanya kazi, bila kuniangalia.

"Kutokujua si dhambi, Muhindo. Ungeniambia siku ile kwamba uliharakia mpira, ningekasirika saa moja, halafu tungeenda pamoja Sake. Sasa angalia. Ulinidanganya mimi kitu kidogo, ukalazimika kumudanganya mama kitu kikubwa." Akakaza bolti. "Na mimi pia nina kosa. Nilikuuliza kwa mdomo tu. Ningeingia kwenye gari nisikilize mwenyewe."

Alipojitwika sehemu ya mzigo wangu, nililia. Aliniacha nilie, halafu akanipa funguo za gari.

Tulirudi juu kidogo, penye barabara iliyonyooka, tukasubiri magari yapite. Yeye aliketi kando yangu. "Panda mwendo mpaka hamsini. Sasa kanyaga, si kwa hasira, kanyaga kama mutu anasukuma mulango muzito. Usisimame kabisa. Ikibaki mwendo wa mutu anayetembea, achia, panda tena." Akawa anahesabu kwa Kifaransa, en, de, trwa. Mara za kwanza gari lilisita. Kufika mara ya sita nilihisi pedali inajibu chini ya mguu wangu, na kukawa na harufu ya kuungua. Nikaogopa, nikataka kusimama. "Hapana, hiyo ni harufu yake ya kwanza. Ukisimama sasa na mguu kwenye freni, plaketi itabandika alama yake mahali pamoja, na kesho italia. Endelea." Baada ya mara kumi aliniambia niendeshe tu, bila kugusa freni, upepo upoze disiki. Tulikwenda kilometa kadhaa, madirisha wazi. Nilipokanyaga tena, gari lilisimama sawasawa, bila mlio wowote.

Tuliwakuta kituoni. Mkono wa koko ulikuwa umefungwa kwa vibao na kuning'inizwa shingoni kwa kile kitambaa cha kanisani. Muzee akafungua mlango wa dereva ili aendeshe yeye, lakini Mama Kavira akamzuia.

"Hapana, Muzee. Yeye ndiye atatufikisha."

Sijawahi kuendesha kilometa ndefu kama zile. Mama Kavira aliketi kando yangu, na kwenye kila mteremko hakuangalia barabara, aliuangalia mguu wangu. Tulipokaribia Kalengera niliona amelegeza mabega na kuegemea kiti.

Ubatizo ulikuwa umekwisha, watu wanakula. Nilitaka kubaki nje na Muzee, lakini koko aliniita niketi karibu naye, akanisogezea sahani yake. "Nikatie nyama," akasema. "Mimi leo siwezi." Nikamkatia vipande vidogo, kimoja kimoja, mbele ya familia yake yote, naye akala kwa mkono wa kushoto.

Miezi miwili nilimpelekea bidoni za maji kila alfajiri kabla ya kazi. Mkono ulipona, ila kifundo hakikunyooka tena kabisa, na kila alipoinua mkono ule kunibariki nilikiona. Alikwisha kutangulia mbele za Mungu. Nilibeba jeneza lake pamoja na wajukuu zake.

Kwa hiyo, mwanangu, sitalipaka gari lako kitu. Tutafungua magurudumu yako tuone. Kama uso wa plaketi unang'aa, tutausugua kwa msasa mpaka ufifie. Grisi, ile ya kazi hiyo, inakaa nyuma ya plaketi na kwenye pini zinazoteleza, kamwe si kwenye uso. Halafu tutatoka wote wawili barabara ya Sake, wewe ukiendesha na mimi nikisikiliza, mara kumi bila kusimama, kisha tutaziacha zipoe. Itakula asubuhi yako nzima. Yeyote anayekusubiri mwambie atasubiri.

Na zaidi ya freni, nakuomba hivi. Kitu kinapopiga kelele nyumbani kwako, kazini kwako, ndani yako, usikimbilie kukinyamazisha. Uliza kwanza kina nini. Na ukiwa umesema uongo, hata uwe mdogo kiasi gani, rudi useme kweli siku hiyo hiyo, wakati aibu yake ni ya kwako peke yako na haijavunja mkono wa mtu mwingine. Atakayekusikia anaweza kukasirika. Mwache akasirike. Wengi wana huruma kuliko tunavyodhani, ila hatuwapi nafasi ya kutuonyesha.

Mungu akulinde barabarani, mwanangu. Akupe mguu mtulivu na ulimi usiokwepa. Wote utakaowapakia wafike, washuke wazima, waingie majumbani kwao wakicheka.