Diski ya Kijerumani ya Bi Sitara

Sogeeni niwaambie habari za Bi Sitara binti Mwinyimvua, maana mkipita Kariakoo mnampita kila siku bila kumwona. Yuko juu yenu.

Nyumba ya baba yake ilikuwa Mtaa wa Mafia, vyumba sita na ukumbi katikati. Akaja tajiri, wakaandikiana: nyumba ivunjwe, lijengwe ghorofa, na wenye kiwanja wapewe sehemu mle ndani. Ndugu zake waliuza zao wakahamia Mbagala na Chanika. Yeye akakataa, akasema hapa ndipo alipozaliwa, akapewa vyumba viwili ghorofa ya saba. Asichokijua ni kwamba Kariakoo ghorofa za juu hazikai watu, zinakaa mizigo. Jirani yake wa kulia ni marobota ya vitenge. Wa kushoto ni maboksi ya viatu vya plastiki. Asubuhi makuli wanapanda, wanashusha, wanapiga kelele. Jioni makufuli yanarudi mahali pake na ngazi nzima anabaki peke yake. Ukiishiwa chumvi, umgongee nani?

Mtoto anaye, mmoja, Ismail. Yuko Ujerumani mwaka wa tisa sasa, ameoa hukohuko na ana binti wa miaka sita, Amira. Kila Jumapili baada ya alasiri Ismail hupiga simu ya video. Zamani Amira alikuwa anakuja, anaonyesha meno yaliyong'oka, bibi anacheka. Lakini Kiswahili hakijui, na siku hizi haji tena. Jumapili moja Bi Sitara akauliza:

"Mjukuu wangu yuko wapi?"

"Anacheza, mama."

"Wiki iliyopita alikuwa anacheza. Na ile nyingine."

Ismail akajikuna shingo. "Mama, nisimlazimishe. Hana la kukwambia. Hamwelewani."

Jamani, maneno mengine husemwa kwa upole yakauma kuliko tusi. Hakugombana naye. Jumatatu akajitanda khanga akatembea, akaipita Mnazi Mmoja, hadi kwa wauza vitabu vya mitumba kule Posta, akarudi na kitabu cha kufundishia Kijerumani, jalada limechanika, na diski mbili kwenye kimfuko cha jalada lake la nyuma. Alitaka sentensi moja tu, na aipate kabla ya Jumapili. Alikuwa ameshaichagua. Mtoto haulizwi habari za kazi wala habari za nyumbani. Mtoto anaulizwa amekula nini. Ilikuwa kwenye somo la tisa, aliiona kwa picha ya sahani na tafsiri chini yake. Lakini kuisoma ni kitu kimoja na kuitamka ni kingine. Alipoisoma kwa sauti, mwenyewe aliona haiwezi kuwa hivyo.

Laptop alikuwa nayo, Ismail aliiacha alipokuja kumzika baba yake. Bi Sitara huitumia kusikilizia mawaidha yaliyo kwenye flash. Akaiingiza diski ya kwanza. Ikavuma kidogo, ikaleta orodha ya namba, moja hadi ishirini na nne. Akabonyeza ya tisa. Kidirisha kikafunguka, kikajifunga. Akabonyeza tena. Kikajifunga tena. Akaitoa diski, akaipuliza, akairudisha. Akazima laptop, akaiwasha. Akaweka flash: shehe huyo akaunguruma. Spika nzima. Akaweka diski ya sinema ya marehemu mumewe: watu hao, wanapigana. Basi tatizo ni diski hii tu.

Kesho yake akaenda kwa Stella, dada mwenye kibanda cha kuingizia watu nyimbo kwenye flash na memori kadi, Mtaa wa Sikukuu.

"Niwekee hii diski kwenye flash, mwanangu."

Stella akaburuta orodha yote, akaidondosha upande wa pili. "Tayari, bibi."

"Mara hii? Shehe mmoja tu huchukua dakika nzima."

"Mashine yangu mpya, bibi. Haina longolongo."

Akapanda ghorofa saba kwa miguu, maana lifti ilikuwa imejaa marobota. Akachomeka flash. Namba zote ishirini na nne zipo, zimepangwa vizuri kama watoto wa shule. Akabonyeza ya kwanza. Kimya. Ya tisa. Kimya. Akabonyeza zote, moja baada ya moja, mpaka ya mwisho, akisogeza sikio karibu na spika, akihofia labda ni yeye anayeanza kuwa kiziwi. Kisha akainuka akagonga meza kwa kijiko ili ajue bado anasikia.

Alhamisi ikamkuta kwa Zakayo, fundi wa laptop aliyetoka Newala, mwenye meza ya kioo chini ya ngazi za jengo la jirani.

"Shikamoo, bi mkubwa."

"Marahaba. Mashine yangu imekuwa bubu."

"Bubu haijawa. Labda imekununia." Akaifungua, akasikiliza kisa chote, akatazama flash, akaanza kucheka.

"Unanicheka mimi?"

"Namcheka aliyekuwekea. Bi mkubwa, diski ya sauti si sawa na flash. Hizi namba ni alama tu za pa kuanzia. Sauti yenyewe haikutoka kwenye diski. Huyu amenakili namba za milango, akadhani amehamisha nyumba."

Bi Sitara akaitazama flash. "Kumbe hilo linawezekana," akasema.

"Linatokea kila siku hapa Kariakoo. Watu wamezoea kuburuta na kudondosha. Na hii programu yako ya kuchezea nayo imechoka, kila ukiiwekea diski ya sauti inajifunga. Nakuwekea nyingine. Lakini sikiliza: usibonyeze namba. Fungua programu kwanza, iambie icheze diski ya sauti, ndiyo uchague somo lako. Sawa?"

"Sema polepole, naandika."

Zakayo akaifuta diski kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda ukingoni, akairudisha. Programu mpya ikafunguka. Kimya. Kisha sauti ya mwanamume, kavu na ya adabu, ikasema Kijerumani katikati ya Kariakoo. Kuli mmoja akasimama na boksi lake kichwani.

"Bi mkubwa, unasafiri nini? Unaenda Ulaya?"

"Naenda ghorofa ya saba," akasema Bi Sitara.

Siku tatu zilizofuata alikuwa na mwenziwe nyumbani. Mwanamume wa diski anasema, anasubiri, yeye anajibu. Akaiandika sentensi kwa herufi zake nyuma ya kalenda: *Vas hast du hoite gegesen?* Akaisema akifagia. Akaisema kwenye ngazi, mbele ya makufuli, yakamsikiliza bila kumsahihisha.

Jumapili simu ikaita.

"Mwite Amira," akasema kabla hata ya salamu.

"Mama, nilishakwambia..."

"Mwite tu."

Akaja, nusu ya uso, jicho moja na nywele. Bi Sitara akashika meza akaisema yote, bila kutazama kalenda.

Lile jicho likamgeukia baba yake. Halafu uso mzima ukaingia kwenye kioo, na mtoto akaanza kusema. Akasema mengi, kwa mikono, akaonyesha kitu kirefu, akaonyesha kitu kilichomwagika. Bi Sitara hakuelewa hata neno moja. Diski ilikuwa imemfundisha kuuliza, haikumfundisha kusikia. Basi akafanya alichokijua, kama mtu anayesimuliwa hadithi:

"Eeh!"

Mtoto akaendelea.

"Eeh! Ikawaje?"

Akaendelea tena, kisha akanyamaza, sauti imepanda mwishoni. Lilikuwa swali. Bi Sitara akaangalia kalenda, akaangalia kitabu. Mtoto akasubiri kidogo, akatoka kwenye kioo.

"Ameuliza nini?" akasema Bi Sitara.

"Ameuliza, na wewe bibi umekula nini leo."

Ilikuwa karibu saa kumi na moja. Tangu asubuhi tumboni alikuwa na chai ya rangi na kipande cha mkate tu. Kumpikia mtu mmoja alikwishaacha, hakumbuki lini. Alitaka kusema wali na samaki. Ulimi ukakataa.

"Mwambie chai na mkate."

Ismail akageuka akatafsiri, na kutoka chumba kingine kikasikika kisauti kikijibu kwa mkato.

"Anasema hicho siyo chakula," Ismail akasema polepole. "Mama, kweli mpaka saa hizi?"

"Kichwa kilikuwa kwenye masomo. Msalimie mkeo."

Simu ilipokatika, ngazi zilikuwa kimya kama kawaida ya Jumapili. Bi Sitara akaingia jikoni, akafungua debe la mchele, akapima kwa mkono uliozoea kupikia watu wengi. Akautazama ule mchele kwenye sufuria, akachota viganja viwili, akavirudisha debeni, akawasha jiko.