Madoa ya Maman Zaina Niliyoyaiba kwa Kompyuta

Mwizi ni mimi. Naanza na hilo ili usije ukanionea huruma kabla hujasikia yote. Mimi pia nilisalitiwa, tena vibaya, na kwa muda mrefu nilijisimulia upande huo tu.

Nilizaliwa Bukavu, wazazi wangu Wanyarwanda. Vita vya kwanza vya Kongo vilipoanza, mama na mimi tulivuka mto tukaingia Kamembe na sufuria moja na mkeka. Aliyetupokea ni Maman Zaina, mjane, Mwislamu, fundi wa vitambaa. Hakutujua! Tulikaa kwake hadi mama alipopata pa kulima huko Giheke. Mimi nikabaki, na Maman akawa ananiita binti yangu.

Kazi yake ilikuwa madoa. Aliyeyusha nta ya mishumaa, akachovya kijiti cha mwanzi, akaidondosha juu ya kitambaa cheupe, kisha akakitia kwenye rangi ya buluu iliyokolea. Nta ikitoka, yalibaki madoa meupe, mengine mapana, mengine madogo kama punje za mtama, yamejaa hapa na kuachana pale kama manyoya ya kanga. Wanawake wa Kamembe waliviagiza kwa harusi. Nami alinifundisha, ingawa madoa yangu yalitoka marefu kidogo, yameinama upande mmoja. Alikuwa akiyacheka.

Vita vya pili vilipokuwa vinaendelea ng'ambo, nilipata kazi ya kuchapa barua kwenye ofisi ndogo ya sekretariati pale Gihundwe. Tulikuwa na kompyuta moja, skana, na programu ya kuhariri picha. Mwenzangu pale alikuwa Béatrice. Tulikalia benchi moja shuleni Bukavu, tukakimbia vita mwaka uleule. Kama ungeniuliza nani anazijua siri zangu, ningemtaja yeye.

Siku moja Béatrice akanieleza kwamba kuna mfanyabiashara wa vitenge Bukavu anayetafuta michoro mipya ya kutuma kiwandani, mbali huko. Akasema madoa ya Maman Zaina yangemfaa. Nikamwambia tumwulize Maman kwanza. Akanijibu tusimtie mzee tamaa ya bure: wakikubali tutamwambia, wakikataa hatajua, hataumia. Maneno yakaniingia, maana nilitaka yaniingie.

Nikaenda kwa Maman nikaazima kitambaa kimoja. Nilimdanganya kwamba ni cha kuvaa harusini. Akanichagulia kizuri kuliko vyote, akanikunjia mwenyewe.

Jumapili mbili, baada ya misa, nilikaa peke yangu ofisini. Niliingiza kipande cha mraba kwa skana. Lakini ukiziweka picha za mraba ule bega kwa bega, mipaka inaonekana kama sakafu ya vigae. Doa linakatika nusu, nusu yake haipo. Nikagundua njia: niisogeze picha nusu, kingo zije katikati. Pale katikati ukatokea msalaba wa madoa yaliyokatika. Nikayafuta, nikajaza mengine kwa mkono wangu, moja moja, kubwa na dogo, bila safu. Nilipoipanga tena picha bega kwa bega, mshono ulikuwa umekwisha. Ungeweza kuieneza hadi Kigali usione inapoanzia!

Nilifurahi, sikufichi. Nililia kwa furaha mbele ya kompyuta ile. Kesho yake nikamrudishia Maman kitambaa chake.

Béatrice akavuka daraja la Rusizi II kwenda Bukavu na disketi yangu kwenye mkoba. Jioni akarudi amenuna, akaniambia mfanyabiashara yule amekataa, amesema ni madoa tu. Nikamfariji mimi! Wiki chache baadaye akaacha kazi, akasema amepata mchumba Bukavu.

Ikapita karibu miezi minane. Asubuhi moja, karibu na hospitali, mbele yangu alikuwa akitembea mama mmoja amebeba mtoto mgongoni. Kitenge alichombebea kilikuwa cha buluu, madoa meupe. Nikamfuata kama mwehu. Kila baada ya shubiri mbili niliyaona madoa yangu, marefu kidogo, yameinama upande mmoja.

Siku hiyo hiyo nikavuka hadi Bukavu. Nilimkuta Béatrice kwenye duka la yule mfanyabiashara, amekaa kwenye kompyuta mpya, wote wakimwita Madame wa michoro. Nilikuwa nimejiandalia maneno njia nzima. Hakuniacha niyamalize.

"Weye uliiba kwa Maman, mi nikabeba kwako," akasema polepole. "Sasa unanililia nini?"

Nikarudi Kamembe. Dada yangu wa benchi moja! Nilijiapiza kwamba nikifika nitamweleza Maman kila kitu. Lakini nilikuta kitenge kile kimeshatandikwa sebuleni kwake, kando ya kitambaa chake mwenyewe. Alikuwa ameweka kidole juu ya madoa yanayojirudia.

"Mukono ya muntu haiwezi rudia," alisema. "Hii inarudia. Kuna muntu alibeba kitambaa yangu akaipeleka mu mashini."

Hakuwa akinisema mimi. Alikuwa akimsema Mwavita, mdogo wake wa tumbo moja, aliyekuwa akiuza samaki Bukavu na kulala kwa Maman kila wiki pamoja na watoto wake. Mwavita alikuwa amesimama mlangoni, analia, anaapa kwa Mungu kwamba hajui lolote. Maman akamwambia atoe vitu vyake.

Nami? Nilikuwa nimekaa kwenye kiti, kikombe cha chai mkononi. Mwavita akanitazama kana kwamba ananiomba nimtetee. Nikatazama chini. Alipokwisha kutoka na watoto wake wawili, nilimwambia Maman, kwa mdomo wangu huu, "Pole Maman. Wa damu ndiye anayeumiza."

Eh Mungu! Wizi naweza kuutafutia sababu. Maneno yale sina la kuyafanyia.

Nilinyamaza wiki tano. Oda za harusi zikakauka, kwa nini mtu angoje kitambaa cha mkono wakati cha kiwandani kimejaa sokoni? Maman akawa hali chakula vizuri. Ijumaa moja alipotoka msikitini, akaniambia amemwota Mwavita akiwa mtoto. Hapo nikashindwa, nikamwaga yote, kuanzia uwongo wa harusi.

Hakupiga kelele. Alivua kitambaa cha kichwa, akakikunja, akakikunjua.

"Kitambaa ningekusamehe leo leo," akasema. "Ila uliniacha nimufukuze mutoto wa mama yangu, na chai yangu mu mukono yako."

Tukatafuta Mwavita. Alikuwa amekwenda upande wa Uvira, na barabara ile ilikuwa na mapigano. Tulituma ujumbe kwa wanawake wa sokoni mara tatu. Jibu lilirudi mara moja tu: amesema hana dada Kamembe.

Vita vimekwisha sasa. Kila nikipata nafasi namwulizia kwa wasafiri. Maman bado yu hai. Nikipita kumsalimu ananipa kiti, ananipa chai, ananiuliza habari za mama. Lakini haniiti tena binti yangu. Ananiita Madame.

Béatrice alinisaliti, na bado linaniuma nikimkumbuka. Lakini mimi sikusalitiwa na mtu niliyemlaza ndani kwangu. Maman ndiye aliyesalitiwa hivyo.

Wewe unayesoma, ukimkosea mtu, kosa lako usilinyamazie, maana litamtafuta mtu mwingine wa kulibeba. Na kama leo yuko anayelibeba kwa ajili yako, inuka uende ukaseme. Usingoje upate maneno mazuri. Mimi niliyangoja wiki tano.